Muhtasari si Utendi: Arctinus wa Miletus na Mkusanyo wa Nyundo

Arctinus wa Miletus anatajwa kuwa mtunzi wa Aethiopis, utendi wa Kigiriki wa vitabu vitano uliosimulia jinsi Memnon, mfalme wa Waethiopia (wa masimulizi, si wa ramani ya leo), alivyokwenda kuitetea Troya akauawa na Achilles. Beti zenyewe zimepotea, isipokuwa vipande vichache mno. Kinachosomwa ni muhtasari wa nathari wa Proclus, ulioandikwa karne nyingi baadaye. Humo inajulikana nani alimuua nani, na kwamba Eos, mama yake Memnon, alimwombea mwanawe kwa Zeus uzima wa milele. Haijulikani alimwomba kwa maneno gani. Hata hivyo wapo wahakiki wanaompima Arctinus kwa Homer, wakamwona hafifu, kana kwamba wamemsoma. Huko ni kuihukumu ngoma kwa kusoma kadi ya mwaliko.

Suala hilo lina sura yake Nyundo, magharibi mwa Rwanda. Askofu Aloys Bigirumwami, aliyeliongoza jimbo hilo hadi 1973, alikusanya na kuchapisha methali, hadithi, miiko na nyimbo za Wanyarwanda. Alexis Kagame alizipa uzito mkubwa ibisigo, yaani tungo za ikulu. Bigirumwami alizikaribisha pia bembelezi, nyimbo za kucheza, sifa za ng'ombe na majigambo ya mashujaa, ibyivugo. Uteuzi huo wenyewe ni uhakiki, na haujasifiwa vya kutosha. Tena aliyachapa maneno yenyewe ya nyimbo na majigambo, jambo ambalo Proclus hakumfanyia Arctinus.

Lakini kivugo hughaniwa kwa kasi, na pumzi ya mghani ni sehemu ya maana yake. Utungo wa inanga uliochapwa bila nyuzi zake umekwisha kuanza safari ya Aethiopis: kisa kipo, sauti haipo. Ndiyo maana sera ya turathi inayoanza kwa kupiga picha kurasa za Nyundo itaokoa kilichokwisha kuokolewa. Wa kurekodiwa kwanza ni wazee wanaoghani bado, kwa majina yao, mahali na tarehe. Vitabu vya Bigirumwami viwe mkononi mwa anayerekodi, ili kila tofauti kati ya kilichochapwa na kinachoghaniwa iandikwe palepale, mghani akiwapo kuieleza.