Ala nne, ngoma hakuna: Tamusuza alivyoigawa sauti

Msimu wa tamasha la muziki la shule ukikaribia, walimu wa Zombe, Mwitika na Mutito, huku Kitui, huwaendea kina mama wanaojua wathi (nyimbo) wa zamani, wakaurekodi kwa simu, kisha wakarudi darasani kuupanga kwa sauti nne: soprano, alto, tena na besi. Wimbo wa kilumi, ngoma ya pepo ya Akamba, uliokuwa na ngui (mwimbaji kiongozi) mmoja, waitikiaji wake na ngoma inayonguruma, hutoka hapo ukifanana na wimbo wa kitabu cha kanisani. Majaji hutoa alama, na mara nyingi alama nzuri. Lakini mama aliyeutoa akiketishwa ukumbini atautambua kwa maneno yake tu.

Simlaumu mwalimu. Kafundishwa kwamba wimbo ni melodia, na melodia ikishaandikwa kwenye mistari mitano kazi iliyobaki ni kuitafutia sauti za kuisindikiza. Ninachodai katika safu hii ni kwamba melodia ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote kuhamisha, na ndiyo yenye faida ndogo zaidi. Kilicho kizito ni namna watu wanavyogawana kazi ya kuutoa wimbo: nani anaanza, nani anaingilia wapi, nani ananyamaza. Mtunzi chipukizi akifaulu kulihamisha hilo, anaweza kuiacha melodia nyumbani na kazi yake bado ikasikika imetoka kwao.

Ushahidi wangu uko Uganda. Mwaka 1988 Justinian Tamusuza, mzaliwa wa 1951, aliandika kwarteti yake ya kwanza ya nyuzi: fidla mbili, viola moja na selo moja. Aliiita Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani kwenye njia ya msalaba. Hakuwa na jina kubwa nje ya kwao. Miaka minne baadaye Kronos Quartet, kikundi cha Marekani kilichoanzishwa 1973, kiliitia sehemu ya kwanza ya kazi hiyo, Ekitundu Ekisooka, kwenye albamu ya Pieces of Africa. Humo mlikuwa na watunzi saba: Dumisani Maraire wa Zimbabwe, Hassan Hakmoun wa Morocco, Foday Musa Suso wa Gambia, Hamza El Din, Mnubi, Obo Addy wa Ghana, Kevin Volans wa Afrika Kusini, na Tamusuza. Kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kuandikia ala nne za Kizungu.

Sikiliza albamu hiyo ukiwa na swali moja tu: nani yuko chumbani? Maraire yupo na ngoma yake na hosho. Suso yupo na kora. Hakmoun ameleta sintiri na anaimba. El Din anapiga tari, Addy anapiga ngoma zake. Hakuna ubaya, muziki unapendeza. Lakini kiufundi Afrika inabebwa na mgeni aliyealikwa, na ile kwarteti inamfuata. Tamusuza hakuja na mtu wala ngoma. Aliwaachia wale wanne kazi yote, na bado ndicho kipande kinachodunda kuliko vyote. Alifanyaje?

Jibu linaanzia kwenye amadinda, marimba ya Buganda yenye vibao 12. Wapigaji wawili huketi wakitazamana, kibao kimoja wakikigombea wote wawili. Wa kwanza, omunazi, huanza mfululizo wake wa sauti kwa mwendo sawa, bila kusita na bila kutilia mkazo sauti yoyote. Akishatulia, wa pili, omwawuzi, huingiza sauti zake katikati kabisa ya zile za mwenzake. Mama wawili wakitwanga muthokoi kwenye kinu kimoja kwa michi miwili hufanya hivyohivyo: wa kwanza akiinua, wa pili anashusha, na anayepita njiani husikia mdundo mmoja wa kasi ambao hakuna mtwangaji anayeupiga peke yake. Kwenye amadinda sauti zikichanganyika hivyo zinaweza kufika 600 kwa dakika, yaani 10 kila sekunde, ilhali kila mpigaji anabeba tano tu.

Sasa tuje kwenye jambo lililomshangaza Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyefundishwa amadinda Kampala na Evaristo Muyinda, mpigaji wa zamani wa ikulu ya Kabaka. Kubik alichapisha maelezo kwamba sikio la msikilizaji haliwafuati wapigaji. Linakusanya sauti za juu na za juu wenzake, za chini na za chini wenzake, kisha linasikia nyimbo ndogo ambazo hakuna mkono hata mmoja uliozipiga. Waganda walilijua hilo kitambo. Ndiyo maana kuna mpigaji wa tatu, omukoonezi: kila sauti mbili za chini kabisa zinapotokea, yeye huzirudia kwenye vibao viwili vya juu kabisa, oktava mbili juu. Kazi yake ni kuchota wimbo uliojificha chini na kuuweka mahali ambapo kila mtu atausikia.

Uchawi huo una masharti mawili. La kwanza, wapigaji wawe na sauti ya aina moja, sikio lisiweze kubaini mshono uko wapi. Mpe mmoja tarumbeta na mwingine filimbi, kila mtu atasikia watu wawili wakipokezana na mambo yataishia hapo. La pili, kila sauti ife upesi. Kibao cha mti kikigongwa hunyamaza mara moja, ndipo nafasi ya mwenzake inapatikana.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia Tamusuza. Kwarteti ya nyuzi inatimiza sharti la kwanza bila kuombwa: ala nne za ukoo mmoja, fidla mbili zisizotofautika na viola inayozikaribia sana. La pili inalivunja, kwa kuwa upinde ukiburuzwa juu ya uzi sauti hurefuka na kumfunika anayefuata. Basi Tamusuza anawafanya wapigaji waweke kando uburuzaji na kudonoa nyuzi kwa vidole. Uzi uliodonolewa hufa karibu kama kibao. Na pale ambapo mtunzi mwingine angeita mpiga ngoma, yeye anawaagiza wagonge ubao wa ala zenyewe kwa mkono. Selo ina tumbo kubwa, nayo inajibu kwa mvumo mzito. Fidla inajibu kwa mlio mkavu wa juu. Ngoma mbili zimepatikana na hakuna aliyenunua ngozi. (Mwenye fidla ya bei ghali atakunja uso. Akunje tu, ila agonge kwa ncha za vidole wala si kwa kiganja.)

Mgawanyo huo una faida nyingine ambayo wachambuzi huipita haraka. Kidole kimoja hakiwezi kudonoa mara 10 kwa sekunde kwa dakika tano mfululizo, kitaganda. Mara tano kwa sekunde, wakigawana wawili, inavumilika. Kumbe kupokezana vile kwa Kiganda si urembo pekee, ni njia ya kuwapatia wapigaji kasi ambayo hakuna mmoja wao anayo.

Kuna mahali kazi hii inalipa gharama, nami sitaificha. Marimba ya Buganda huigawa oktava katika hatua tano zinazokaribia kulingana. Tukiipa oktava senti 1200 kama wapimaji wa sauti wanavyofanya, kila hatua huwa senti 240 hivi. Kinanda hakina hatua hiyo: kina 200, kisha 300. Fidla haina vizuizi shingoni, kwa hiyo kidole kingeweza kuitafuta hiyo 240. Tatizo liko kwenye nyuzi tupu. Zimetiwa wizani, yaani zimepangiwa kimo cha sauti, kwa umbali wa senti 702 kutoka uzi hadi uzi, ilhali hatua tatu za amadinda zinafika 720. Tofauti ya senti 18 ni ndogo kwa macho, lakini sikio la mpigaji fidla, lililofundishwa tangu utotoni kuulinda umbali huo, litairekebisha bila yeye kujua. Tamusuza aliandika nukta za kawaida, na wizani wa kwao ukabaki Kampala.

Volans aligonga ukuta huohuo. Toleo la kwanza la White Man Sleeps, la mwaka 1982, aliliandikia hapsikodi mbili zilizotiwa wizani upya, pamoja na viola ya kale ya miguuni na midundo. Alipolihamishia kwarteti mwaka 1986, wizani ule ukaenda na hapsikodi zake. Watunzi wawili, njia mbili, hasara moja. Nasema ilikuwa hasara ya halali: ukilazimika kuchagua kati ya wizani na mgawanyo wa kazi, chukua mgawanyo. Msikilizaji atausamehe wizani kabla ya kusamehe mdundo uliokufa.

Mazoezi ni shida nyingine. Karatasi ya muziki ina mistari ya kugawa vipimo, na kila mpigaji aliyepita chuo cha muziki amefundishwa kuegemea pigo la kwanza baada ya mstari. Omunazi hana pigo la kwanza, wala omwawuzi. Kila mmoja analisikia lake kuwa ndilo la msingi, na la mwenzake ndilo linaloingilia. Kikundi kikiegemea mistari, mshono unatokea na zile nyimbo zilizojificha zinatoweka. Dawa si kuhesabu kwa sauti kubwa zaidi. Dawa ni ile ya Muyinda: mmoja aanze peke yake hadi atulie, mwingine aingie polepole, na mwendo uongezwe baada ya masikio kukubaliana. Anayetaka kuonyesha kazi mpya ya namna hii mbele ya watu ajue kwamba zoezi la kwanza litatumika kwa kurasa mbili tu.

Turudi Kitui. Paul Kavyu alikwisha kutufanyia kazi ya msingi. Kitabu chake An Introduction to Kamba Music kilitoka 1977, na kile cha ngoma za Akamba, Drum Music of Akamba, kikafuata 1986. Ni vitabu ninavyosikia vikitajwa kwenye orodha za masomo kuliko ninavyoviona vikisomwa. Anayetaka kuandikia kilumi ala nne aanze huko, kisha akakae karibu na wapigaji wenyewe akiwa na karatasi tupu. Asiandike melodia. Aandike nani anangoja nani. Ngui akipandisha sauti, waitikiaji wanamkata kabla hajamaliza au wanamwacha akamilishe? Ngoma inabadilika ngui anapobadilisha maneno, au ni ngui anayefuata ngoma? Mcheza akishikwa na pepo, nani anayeamua kwamba mwendo usishuke? Majibu ya maswali hayo ndiyo nukta zake. Selo inaweza kuwa ngoma, viola ikawa ngui, fidla mbili zikawa waitikiaji wanaoingiliana. Hata kama hakutumia hata mstari mmoja wa wimbo wa kilumi, mama wa Zombe akisikiliza ataijua nafasi yake iko wapi.

Najua pingamizi linalokuja: ngui hasomi nukta, na anayesoma nukta si ngui. Hilo nalo limeshafumbuliwa. Kuanzia 2015 Kronos waliendesha mradi wa 50 for the Future, wakiagiza kazi mpya 50, nusu kwa wanawake na nusu kwa wanaume, kwa ajili ya vikundi vya vijana. Mmoja wa walioagizwa ni Fodé Lassana Diabaté wa Mali, bingwa wa balafoni aliyerithi kazi hiyo kwa wazee wake. Kazi yake inaitwa Sunjata's Time. Diabaté alitunga kwa balafoni, na Jacob Garchik akaipanga kwa kwarteti. Hakuna anayesema mtunzi ni Garchik. Sehemu nne za kwanza zinawachora watu wa hadithi ya Sunjata, mwasisi wa dola ya Mali, kila moja ikiipa ala moja nafasi ya mbele, na hilo pekee ni somo la jinsi ya kugawa kazi kwa watu wanne.

Kwa hiyo mwalimu wa muziki aliye Zombe na ngui aliye kijijini wanaweza kuwa watunzi wawili wa kazi moja, mradi majina yote mawili yaandikwe juu ya karatasi na malipo, yakipatikana, yagawanywe. Ala nne za nyuzi hazipo? Ziko filimbi nne kwenye kabati la shule, au wavulana wanne wenye magitaa. Kumbuka sharti la ukoo mmoja na sharti la sauti kufa upesi, kisha andikia ulichonacho. Nukta za kazi zote 50 za mradi ule, ya Diabaté ikiwemo, hupatikana bure mtandaoni, pamoja na rekodi zake. Zipakue kabla ya msimu ujao, uone mwenzako wa Mali alivyoanza.