RIBA YA KODI: ITOZWE JUU YA KIASI GANI?

Kodi si fadhila ya mfanyabiashara kwa Serikali. Kodi ya Ongezeko la Thamani, iliyoanza kutozwa nchini mwaka 1998, hulipwa na mlaji wa mwisho. Mwenye duka ni mkusanyaji tu. Anayechelewa kuiwasilisha anafanya biashara kwa fedha za umma, na ni haki alipe riba. Hapo hatuna mjadala. Mjadala ni juu ya kiasi kinachotozwa riba hiyo.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Musoma mjini ananunua mabati kwa shilingi 10,000,000 na kumlipa muuzaji wake kodi ya asilimia 18, yaani 1,800,000. Anayauza kwa wanavijiji wa Suguti kwa 12,000,000 na kuwatoza kodi 2,160,000. Akitoa kodi aliyokwisha kuilipa, anadaiwa 360,000, ambazo ni lazima zifike kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Akichelewa, fedha za umma alizozikalia ni hizo 360,000.

Wako wanaoshikilia kwamba riba ihesabiwe juu ya 2,160,000 zote. Nchini India, mwaka 2019, Mahakama Kuu ya Telangana ilichukua msimamo huo, kwa hoja kwamba kodi ya manunuzi haihesabiki kuwa imelipwa mpaka ritani iwasilishwe. Hoja hiyo inatazama karatasi na kusahau kuuliza fedha zimo mikononi mwa nani. Bunge la nchi hiyo lilirekebisha sheria, na mwaka 2021 likayapa marekebisho hayo nguvu kuanzia Julai 2017.

Riba iliyozidi mara sita hailindi umma. Mwenye mtaji huipachika kwenye bei, na mkulima na mvuvi wa Suguti wanalipa mara ya pili.

Lakini tusimtetee mfanyabiashara kwa upofu. Haki ya kutoa kodi ya manunuzi inasimama juu ya risiti halali. Asiye nayo hana cha kutoa. Na yule anayemwuzia mwanakijiji bati, akamtoza kodi bila kumpa risiti, hakuchelewa: amenyonya. Huyo hastahili huruma ya hesabu yoyote.

Kazi ya kada, basi, ni mbili: kuwafundisha wananchi kudai risiti, na kusimamia kwamba dola inadai kilicho chake, bila kupunguza wala kuzidisha.