Makali Yanalaumiwa Bure: Jinsi Mashine ya Kunyoa Kondoo Inavyotunzwa

Mashine ya umeme ya kunyoa kondoo ikianza kuvuta sufu badala ya kuikata, wa kwanza kulaumiwa ni makali. Visu hufunguliwa, vipya hufungwa, na baada ya kondoo watatu wanne kasoro ni ile ile. Ukichunguza jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi, utaona kwamba mara nyingi visu havina kosa. Kosa liko kwenye mafuta, uchafu au nati ya kukazia, na yote matatu huzaa adui mmoja: joto.

Kichwa cha mashine kina vyuma viwili. Cha chini ni chanuo. Hakisogei, meno yake hupenya kwenye sufu na kuitenganisha. Cha juu ni kisu, kinachokwenda kushoto na kulia maelfu ya mara kwa dakika. Kwa kondoo, chanuo la kawaida lina meno 13 na kisu kina ncha 4. Seti za ng'ombe na farasi zina meno mengi yaliyobanana. Moja inayotumika sana ina 31 chini na 15 juu. Ndiyo sababu mashine ya ng'ombe huelemewa ikipelekwa kwenye sufu nzito yenye mafuta: haina nafasi ya kuipokea.

Sufu hukatika pale tu vyuma hivyo viwili vinapogusana. Ukibaki upenyo mdogo kati yake, nyuzi hujikunja na kuingia katikati, kondoo akavutwa ngozi na kuanza kurusha miguu.

Jambo hilo liliwasumbua hata waanzilishi. Frederick Wolseley, mzaliwa wa Ireland aliyefuga kondoo Australia, alipata hataza ya mashine yake pamoja na Robert Savage mwaka 1877. Mwaka 1888, shamba la Dunlop karibu na Louth, New South Wales, likawa la kwanza kunyoa kundi zima kwa mashine hizo: wanyoaji 40, kondoo wapatao 184,000. Enzi hizo mashine ziliendeshwa kwa injini ya mvuke. Kampuni ya Wolseley ilipohamia Birmingham, Uingereza, ilitegemea vipuri vya karakana za nje, na vipuri hivyo vilikuwa vya kubahatisha hata ikalazimika kununua tena mashine nyingi mbovu kutoka kwa wateja. Baadaye ikawa na kiwanda chake yenyewe. Meneja wake alikuwa Herbert Austin, fundi aliyewahi kuiboresha mashine hiyo akiwa Australia, na ambaye mwaka 1905 alianzisha kampuni ya magari yenye jina lake.

Mota ya umeme imechukua nafasi ya mvuke, lakini sharti la vyuma kukaa sawasawa halijabadilika. Mnyoaji wa leo analitimiza kwa nati. Kwenye mashine nyingi za mkononi, nati huzungushwa mpaka vidole vihisi ukinzani, kisha huongezwa robo mzunguko. Ukataji ukilegea katikati ya kazi, huongezwa robo nyingine. Hali isipobadilika, hapo ndipo visu vivuliwe vikanolewe. Anayeikaza kwa nguvu zake zote tangu mwanzo anavisaga visu na kuilemea mota. Chuma kilichopata moto kupita kiasi hugeuka rangi ya samawati, na ugumu wake hupotea. Jioni nati hulegezwa, ili springi isilale imebanwa.

Mafuta ndiyo yanayosahaulika zaidi, pengine kwa sababu kuyatia kunasimamisha kazi. Kila dakika 10 hadi 15 matone machache yadondoshwe kati ya chanuo na kisu, na kwenye matundu ya kichwa yaliyowekwa kwa kazi hiyo. Yawe mafuta mepesi ya mashine. Mafuta ya kupikia huganda na kuwa utomvu, oili chakavu ya gari imebeba chembe za chuma, na petroli huondoa hata ulaini uliokuwepo. Kipimo cha joto hakihitaji kifaa: chuma kikigusishwa nyuma ya kiganja na mkono ukashtuka, ngozi ya kondoo nayo inaungua.

Uchafu huingia kwa njia mbili. Wa kwanza umebebwa na mnyama mwenyewe. Kondoo aliyelala kwenye vumbi ana mchanga ndani ya sufu, na mchanga humaliza makali upesi kuliko sufu yenyewe. Kondoo aliyelowa naye asubiri akauke. Njia ya pili ni chujio la hewa la mota. Likizibwa na nyuzi, mota hukosa hewa ya kuipoza, na fundi atakayeifungua atakuta waya zimeungua ingawa visu ni vizima. Brashi ndogo, kila siku ya kazi, inatosha kuzuia hasara hiyo.

Kuna wanaojaribu kunoa visu kwa tupa au jiwe, na hapo ndipo vinapoharibika kweli. Uso wa chanuo na kisu unaonekana bapa, lakini umechongwa ukiwa na mbonyeo mdogo sana, ili ncha na kingo ndizo zigusane. Mbonyeo huo hutolewa na sahani ya kunolea inayozunguka, iliyobandikwa msasa na kuchongwa kwa mwinamo maalumu. Jiwe huufuta. Vilevile chanuo na kisu vinolewe pamoja, kwa maana chuma kipya juu ya kilichokwisha hakikai.

Umeme nao una masharti yake. Waya wa ekstensheni ukiachwa umeviringika kwenye gurudumu lake hupata moto, kwa hiyo ukunjuliwe wote. Plagi ichomolewe kabla ya kugusa visu, hata kama swichi imezimwa.

Lipo jambo moja lisilohusu joto, nalo ni maradhi. Bakteria wanaoleta majipu ya tezi kwa kondoo na mbuzi huenea kupitia michubuko ya kunyolewa. Jipu likipasuliwa na chanuo, usaha wake husafiri hadi kwa kondoo anayefuata. Kwa hiyo wadogo hunyolewa kwanza na wenye uvimbe mwisho, visu vikisafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu, vikakaushwa na kupakwa mafuta visishike kutu.

Afrika Mashariki kondoo wengi, akiwemo Mmasai mwekundu, wana nywele fupi zisizohitaji kunyolewa. Mashine hizi zina kazi zaidi kwenye nyanda za baridi za Kenya kama Molo na Nyandarua, wanakofugwa kondoo wa sufu, na kwenye mabanda ya ng'ombe wa maziwa, ambako hutumika kupunguza nywele za kiwele. Huko mtu wa kunoa visu kitaalamu hapatikani kila mji. Mfugaji anayenunua mashine na anunue seti mbili za visu, chupa ya mafuta na brashi siku hiyo hiyo, na apeleke visu vikanolewe msimu unapokwisha, asingoje kondoo wawe wamekwisha kupangwa foleni zizini.