Lisani ya Ghaibu: Maneno ya Picha ya "Dune: Part Two" Katika Sikio la Mswahili

Picha ya "Dune: Part Two", iliyoongozwa na Denis Villeneuve wa Kanada na kutolewa mwezi wa Machi 2024, yaendeleza hadithi iliyoanzwa katika picha ya mwaka 2021. Zote mbili zatokana na kitabu cha Mmarekani Frank Herbert, kilichochapishwa mwaka 1965. Mambo yake ni ya miaka elfu nyingi ijayo. Katika sayari ya Arrakis, ambayo yote ni jangwa, hukaa watu waitwao Fremen. Na katika mchanga wa nchi yao hukusanywa kiungo ambacho pasipo hicho vyombo haviwezi kusafiri baina ya nyota. Paul Atreides, mwana wa mtawala aliyeuawa, akimbilia kwa watu hao pamoja na mama yake, nao waanza kumwona kuwa ndiye mkombozi aliyetabiriwa. Lakini utabiri wenyewe ulipandwa miongoni mwao zamani na chama cha wanawake, Bene Gesserit, kwa makusudi ya kuwatawala. Hicho ndicho kiini cha hadithi.

Uzuri wa picha hii machoni hauna haja ya kutetewa. Pale Paul anapompanda kwa mara ya kwanza mnyoo mkubwa wa mchangani (msimuliaji wa Kiswahili hatakosa kumwita joka, na hapana wa kumlaumu), kilima kizima chaporomoka chini ya miguu yake, na mtazamaji hushikilia kiti. Sayari ya maadui, Giedi Prime, imepigwa kwa kamera zinazopokea miali isiyoonekana kwa jicho, hata nyuso za watu zikawa nyeupe kama chokaa chini ya jua jeusi. Picha ilipewa tuzo mbili za Oscar mwaka 2025, moja kwa madoido ya macho na nyingine kwa sauti. Katika sifa hizo zote, hata hivyo, ni machache yaliyosemwa juu ya maneno yake. Na kwa msikilizaji ajuaye Kiswahili maneno hayo ni jambo kubwa.

Fremen humwita Paul "Lisan al-Gaib". Herbert aliyachukua maneno haya katika Kiarabu, kama alivyochukua mengine mengi, na Mswahili wa pwani hayaoni kuwa ni ya sayari nyingine. Lisani ni ulimi, na ghaibu ni yale yaliyofichika kwa macho ya watu. Katika picha jina hilo lafasiriwa kwa Kiingereza kuwa ni sauti itokayo katika ulimwengu wa nje. Aliyezoea vitabu vya dini ataona kwamba tafsiri hiyo ni pungufu, maana ghaibu ya wanazuoni si mahali bali ni elimu iliyo kwa Mungu peke yake; mwenye kudai kuwa ulimi wake amedai jambo la kutisha. Tafsiri ya picha yamwondolea Paul dai hilo na kumfanya kuwa mgeni tu.

Jina lake jingine, "Muad'Dib", ambalo katika picha ni la panya wa jangwani na la nyota zionyeshazo njia, ni lile lile la Kiarabu litajalo mwalimu, mwenye kufundisha adabu. Hapa Kiswahili chaujua mwisho wa hadithi kabla haujafika. Kutia adabu katika lugha hii si kufundisha tu, bali pia ni kuadhibu. Na kijana huyu, afikapo kwenye kiti cha enzi, aziamuru jeshi zake kuzishambulia jamaa zote zilizokataa kumtii. "Usul", jina lake la siri, laeleweka kwa kila mwenye kujua usuli wa jambo. Askari wake, "Fedaykin", watoka katika shina moja na neno fidia. Kitabu chenyewe hutumia neno "jihad" mara nyingi. Picha imelikwepa, nayo husema vita vitakatifu. Uangalifu huo waweza kuwa na sababu zake katika siasa za leo. Lakini watengenezaji waliobakiza Mahdi na Lisan al-Gaib, wakaondoa jihadi, wamechagua pambo wakaacha mzigo wake.

Mpaka hapa hoja ni ya msikilizaji wa pwani, na ni rahisi kudhani kwamba ndiye Mswahili peke yake. Yafaa basi picha hii ipelekwe kwa fikira mpaka Mishamo, katika Mkoa wa Katavi, mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya watu wengi wasiokulia kando ya msikiti wala madrasa. Makazi ya Mishamo yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wazee wao walifika na Kirundi. Watoto na wajukuu wamesoma kwa Kiswahili. Na mwaka 2014 vyeti vya uraia wa Tanzania vilianza kutolewa kwa watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya namna hiyo, yaani Mishamo, Katumba na Ulyankulu. Jumba la sinema hapana. Katika makazi ya bara kama hayo picha za ng'ambo hutazamwa kwenye banda la video, na maneno madogo ya Kiingereza yaandikwayo chini ya picha husaidia wachache. Picha hupata lugha yake kwa msimuliaji.

Kazi ya msimuliaji huyo ina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Baina ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulizungusha picha zake kwa gari, na maelezo yakasemwa kwa lugha mbalimbali za wenyeji. Katika miaka ya karibu zaidi Derek Gaspar Mukandala wa Dar es Salaam, ajulikanaye kwa jina la Lufufu, alitia sauti yake ya Kiswahili juu ya picha za kigeni, akieleza, akitania na kuongeza apendavyo. Kenya wanaye DJ Afro, na Waganda wana wasimuliaji wao kwa Kiganda. Wataalamu wa lugha wamewadharau mno watu hawa. Ndio wafasiri wanaosikilizwa na watu wengi.

Sasa msimuliaji afanye nini na "Lisan al-Gaib" mbele ya watazamaji wa Mishamo? Lisani hawaitumii. Ghaibu huijua kwa njia mbili: mwanafunzi husoma shairi kwa ghaibu, na ndugu aliyeondoka yuko ughaibuni. Hapa tafsiri ile ya Kiingereza, iliyokuwa pungufu kwa mwanachuoni wa pwani, yapata nguvu isiyotarajiwa. Sauti ya ughaibuni ni sauti itokayo nchi za mbali, nayo kwa watu ambao wazee wao waliishi ugenini zaidi ya miaka arobaini ni neno zito. Ila maana yageuka. Katika picha, wenyeji wamngoja mtu wa ughaibuni. Katika Mishamo, waliokaa ughaibuni ndio wasikilizaji wenyewe. Neno Mahdi lina hatari kubwa zaidi. Msimuliaji ajuaye kuwa wengi mbele yake ni Wakristo atavutwa kusema Masihi, na akisema hivyo shaka yote ya hadithi itakufa, kwa kuwa Masihi wa wasikilizaji hao si wa kutiliwa shaka. Afadhali aseme mkombozi, neno ambalo hata wanasiasa wamelitumia, na ambalo kwa hiyo mtu aweza kuliamini au kulicheka. Kuhusu Fedaykin hana taabu: fidia wanaijua kutoka katika Injili, naye akiwaita waliojitoa kuwa fidia atakuwa amelikaribia shina la neno kuliko Kiingereza cha picha.

Liko jambo moja ambalo msimuliaji hawezi kulitengeneza, kwa kuwa kosa ni la picha. Katika kitabu cha Herbert, Fremen wenyewe ni wazao wa wakimbizi. Wazee wao walihamishwa kwa nguvu kutoka sayari hata sayari, wakazuiliwa hija, na kumbukumbu ya safari hizo ndiyo iliyowafanya kuwa taifa moja. Villeneuve ameiacha habari hii yote. Fremen wake waonekana kama waliozaliwa na mchanga. Liisa Malkki, aliyefanya utafiti wake Mishamo katika miaka ya 1985 na 1986 na kutoa kitabu chake mwaka 1995, alionyesha jinsi wakimbizi wa makazi hayo walivyoijenga historia yao kwa kuisimulia, na jinsi walivyouona ugeni kuwa ni majaribu yanayotangulia kurejea. Watu wa namna hiyo hupokea utabiri kwa sababu wana hesabu ya kulipwa. Picha, kwa kuiondoa hesabu hiyo, yamfanya Stilgar, kiongozi wa Fremen, kuwa mzee wa kuchekesha: Paul akikana kuwa yeye ndiye Mahdi, Stilgar huona kukana huko ni unyenyekevu, na unyenyekevu ni dalili nyingine. Kichekesho chenyewe ni kizuri. Lakini mtu ambaye babu yake alingoja kurudi nyumbani hacheki kwa muda mrefu.

Upande wa pili yuko Chani, binti wa Fremen ampendaye Paul, ambaye katika picha hii hasadiki utabiri. Mabadiliko hayo si ya Herbert, nayo ni mazuri kuliko yote aliyoyafanya Villeneuve, maana yaiweka shaka kinywani mwa mwenyeji wala si mwa mgeni. Mwishoni watu wampigia Paul magoti, naye Chani aondoka, asimama peke yake jangwani, na kumngoja mnyoo amchukue. Hasemi neno. Wasimuliaji wa banda la video hawapendi kimya. Huona kuwa ni pengo la kuzibwa kwa mzaha au kwa maelezo ya yatakayofuata. Atakayeisimulia picha hii Mishamo azime kipaza sauti hapo, mpaka majina ya wachezaji yaanze kupita.