Kayamba Lilikuwa Bapa Tangu Zamani

Tangazo la iPad Pro la Mei 2024, lile la "Crush!", wengi tulilitazama kwa simu na wengi tukashikwa na kitu kifuani. Piano, tarumbeta, gitaa, mikebe ya rangi, vitabu, vyote vimepangwa chini ya mtambo wa kushindilia. Mtambo unashuka polepole huku wimbo wa mapenzi wa Sonny na Cher ukilia. Ukiinuka, pamebaki kibao chembamba. Kile cha inchi 13 kina unene wa milimita 5.1. Siku mbili baadaye bosi wa matangazo wa Apple, Tor Myhren, akaomba radhi, na mpango wa kulipeleka kwenye televisheni ukafutwa.

Kinachonivutia ni nani aliyekasirika. Watu wa Windows walicheka tu. Walioumia ni waumini wenyewe: wanamuziki, wachoraji, watu wa filamu, watu ambao wangeuza kitanda kabla ya kuuza Mac. Ukitaka kujua kwa nini, rudi nyuma. Mwaka 1984, kwenye tangazo la Macintosh lililoongozwa na Ridley Scott, mwanamke anakimbia na nyundo, anairusha, na skrini kubwa ya mtawala inapasuka. Mwaka 1997, kampuni ikiwa hoi kifedha, ikabandika picha za Picasso na Martha Graham, ikatuambia hawa ndio watu wetu. Wasanii wakaamini, wakabaki wengine walipokimbia. Miaka 40 baada ya nyundo ile, chuma hakivunji skrini tena; kinavunja piano ili skrini ipatikane. Ingekuwa riwaya, ningesema mwandishi amesahau shujaa wake ni nani.

Hapa Kilifi uaminifu huu una sura yake. Wasee wanaohariri video za hoteli za Watamu na Malindi, maprodyuza wa vyumba vya kupanga karibu na Chuo Kikuu cha Pwani, wengi wanatumia MacBook za mtumba, ex-UK, betri imechoka, chaja imefungwa selotepu. Hewa ya chumvi haijali nembo. RAM imechomelewa kwenye ubao, huwezi kuongeza. Fundi anakuangalia kwa huruma. Siri haizungumzi Kiswahili, seuze Kigiriama. Bado mwambie mtu ahamie Lenovo uone, utadhani umemtukania mama. Watu husema ni maringo. Sawa, kidogo yapo, lile tufaha lazima limtazame mteja. Lakini GarageBand inakuja bure, mashine inaamka papo hapo, na kazi inaisha kabla stima haijapotea. Hiyo ni sababu ya mtu wa kazi, na ndiyo maana tangazo liliwauma: wao walinunua kifaa cha kubebea ala, wakaonyeshwa kifaa cha kuzizika.

Samsung nao wakajibu kwa video ya msichana anayepiga gitaa lililovunjika huku akisoma noti kwenye tableti yao. Nililiona jepesi. Ni biashara ileile, imeongezwa machozi tu.

Mimi silalamikii uharibifu. Ngozi ya ngoma hupasuka, inawambwa nyingine. Ninachokataa ni lile dai kwamba vyote vimeingia mle ndani. Chukua kayamba. Ni bapa tayari: matete yamefungwa pamoja, mbegu ndani, unalishika kwa mikono miwili, vidole gumba vikigonga. Wamijikenda walifika kwenye umbo la iPad bila mtambo wowote. Ukilirekodi, ukakata kipande na kukirudia, mbegu zinaanguka vilevile wimbo mzima. Mkononi hazianguki vilevile mara mbili. Prodyuza mzuri anajua hili, ndiyo maana anamwita mpigaji tena, anamlipia boda, anazima feni joto likipanda, na kurekodi kayamba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mac iko hapo mezani inafanya kazi yake, na hakuna aliyevunjiwa kitu.

Tangazo lenyewe lilipata tiba ya haraka mtandaoni: likachezwa kinyumenyume. Ni amri moja tu kwenye programu yoyote ya kuhariri. Mtambo unapanda, rangi inarudi mkebeni, piano inajiunga upya, tarumbeta linanyooka. Hilo ndilo toleo ambalo ningelilipia.