Nyonga na Mwenyewe
Lucille Clifton (1936–2010), mshairi Mweusi wa Marekani, alizisifu nyonga zake pana, zisizokubali kutumikishwa, katika shairi fupi lililomo kitabuni Two-Headed Woman (1980). Sisi tumezoea umbo lisifiwe na mtazamaji. Hata Mwana Kupona, katika utendi wake wa 1858, amfunza bintiye kujipamba kwa ajili ya mume. Kwa Clifton, msifu ndiye msifiwa. Nilipolitafsiri niliandika kwanza “kiuno”, shairi likageuka ngoma ya kutazamwa. Nikaweka “nyonga”, kiungo kiubebacho mwili, likasimama. Nami, niliyeona haya miaka mingi kujaza sahani mbele za watu, sasa hula njaa iniitapo, na huinuka shibe isemapo basi.