Nyanya juu, biringanya chini

Nyanya iliyosimama ndani ya maji hunyauka kana kwamba imekosa maji. Mwenye bustani akiona majani yamelegea hukimbilia ndoo, na hapo ndipo anapoimaliza. Mmea huo hauna kiu, ila mizizi yake imekosa hewa.

Mizizi hupumua hewa iliyomo kwenye vitundu vya udongo. Mvua kubwa ikivijaza vitundu hivyo, oksijeni huisha upesi na mpya haifiki, kwa kuwa ndani ya maji husambaa polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani. Mzizi usiopumua haupandishi maji wala chakula. Majani ya chini hugeuka manjano, ya juu huinama, kisha vimelea vya kuozesha mizizi huingia.

Kituo cha Utafiti wa Mboga Duniani, kilichoanzishwa Taiwan mwaka 1971 na chenye tawi Arusha, kilitafuta jibu kwenye mzizi. Biringanya huvumilia udongo uliotuama maji kuliko nyanya, nayo ni jamaa yake wa karibu kiasi cha kukubali kubebeshwa, yaani shina la nyanya kuungwa juu ya mzizi wa biringanya. Basi watafiti wakachagua mbegu za biringanya kama EG195 na EG203, zinazostahimili pia mnyauko bakteria, wakazipa nyanya kama miguu.

Kazi yenyewe inahitaji wembe mkali na mkono uliotulia. Biringanya husiwa siku chache mapema, maana hukua taratibu. Mashina ya miche yote miwili yakifikia unene wa kama milimita 2, hukatwa mshazari, nyuzi 45. Kipande cha mpira chenye tundu huvishwa kwenye shina la biringanya, kisha kikonyo cha nyanya huingizwa kwa juu mpaka mikato ikutane bila mwanya. Unene usipolingana, kidonda hakiungi. Miche hukaa gizani kwenye unyevu mwingi siku za mwanzo, halafu huzoeshwa mwanga kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja hivi.

Wengi huharibu kazi hii shambani. Tumezoea kupandishia nyanya udongo ili iongeze mizizi, lakini kwa mche uliobebeshwa desturi hiyo ni hasara. Kiungo kikifukiwa, nyanya huotesha mizizi yake yenyewe, na faida ya biringanya hupotea. Kiungo lazima kibaki juu ya udongo siku zote.

Mbinu hii ina mipaka. Haizuii bakajani, wala haifuti haja ya matuta yenye kimo cha sentimita 20 hadi 30 na mifereji inayotoa maji. Kwenye udongo wa kichanga usiotuamisha maji, gharama yake huenda isirudi. Faida yake iko kwenye mfinyanzi wakati wa masika, nyanya zinapoadimika sokoni na bei kupanda.

Kama bustani yako tayari imefurika, chimba mfereji kuelekea mteremko na usikanyage matuta, kwani udongo mbichi hushindiliwa na kufunga hata vitundu vilivyosalia. Ukianza kukauka, palilia juu juu kuvunja gamba. Mbolea ya naitrojeni ingoje majani mapya, kisha itiwe kidogo. Mche ukiendelea kunyauka, kata shina lake na uning'inize kipande ndani ya glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikitiririka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria, basi ng'oa mche uupeleke mbali na bustani. Eneo hilo, msimu ujao, ndilo la kwanza kustahili miche iliyobebeshwa. Ipande huko kando ya nyanya za kawaida, ulinganishe mavuno kabla ya kugharimia bustani nzima.